Je, Wajua? Bastola Mbili na Bei ya Vipuri

Je, wajua kwamba vipuri vilichangia kuamua askari wa Marekani wabebe bastola gani? Mwaka 1984 jeshi lao lilikuwa likitafuta mrithi wa M1911, bastola kongwe kweli kweli. Katika majaribio zilifuzu mbili tu: Beretta 92F ya Italia na SIG Sauer P226, yenye asili ya Uswisi na Ujerumani. Zote nusu otomatiki, milimita 9, risasi 15 kwenye magazini. Tofauti uliipata mkononi. Beretta ina kiwiko cha usalama: ukikishusha kwa kidole gumba, nyundo inalala na bastola haifyatuki. P226 ina kiwiko cha kulaza nyundo tu, basi.

Bastola kwa bastola, SIG ilikuwa nafuu kidogo. Lakini jeshi halinunui bastola tupu. Zilipojumlishwa magazini na vipuri, Beretta ikawa nafuu, na Januari 1985 ikapitishwa kwa jina la M9. Malalamiko yakafuata, hadi majaribio yakarudiwa mwaka 1988, na Beretta ikashinda tena. SIG Sauer ilisubiri hadi 2017 kupata zabuni hiyo, tena kwa bastola nyingine kabisa, P320.