Injini ikichemsha njiani, anayelipa ni mwenye mzigo

Na Mwandishi Wetu

Lori la vitunguu likivuka daraja la Rusumo na kuanza kupanda kuelekea Kibungo, injini yenye ugonjwa haiwezi kujificha tena. Mshale wa joto hupanda hadi kwenye alama nyekundu, mvuke hutoka kwenye rejeta, dereva huegesha pembeni. Kuanzia hapo saa ni za mwenye mzigo: vitunguu vinapata joto chini ya turubai, na mteja wa Kigali anapiga simu.

Fundi akifika anaweza kusema gasketi ya silinda hedi imeungua. Mfanyabiashara asiyejua gasketi ni nini hulipa na kuondoka. Gari likichemsha tena safari inayofuata, hulipa mara ya pili.

Gasketi ni sahani nyembamba inayokaa kati ya bloku ya injini na silinda hedi. Huzuia moto wa ndani ya silinda usitoke, na hutenganisha njia za maji na za oili. Ikipasuka, vitu hivyo huchanganyika.

Dalili zake zinaonekana hata kwa asiye fundi. Maji hupungua kwenye rejeta bila kuvuja chini. Moshi mweupe hutoka mfululizo hata injini ikiwa imepata moto. Oili hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Ukiona hivyo kabla ya safari, usipakie. Na usifungue kamwe mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Maji yake huruka na kuunguza.

Kosa la barabarani ni kupaka silikoni nyingi juu ya gasketi, au kurudisha ya zamani, ili gari liondoke haraka. Gasketi nyingi za kisasa za chuma hufungwa zikiwa kavu, na silikoni hutumika tu pale mtengenezaji alipoelekeza. Inayozidi inaweza kukatika na kuziba njia za oili.

Kabla ya kulipa, mwenye gari au mwenye mzigo amuulize fundi maswali manne.

Kwanza, je, hedi imepimwa? Injini iliyochemsha sana inaweza kupinda hedi. Fundi huweka rula ya chuma iliyonyooka juu yake na kupima uwazi kwa fila geji. Kwa injini nyingi ndogo kikomo ni kama milimita 0.05 hadi 0.1, ila kipimo halali ni cha kitabu cha injini hiyo. Ikizidi, ipelekwe kwenye mashine ikachongwe.

Pili, je, gasketi ni ya injini hii? Baadhi ya injini za dizeli zina gasketi za unene tofauti, zinazotambulika kwa vitobo au mikato pembeni. Ukinunua spea ng'ambo ya mpaka, beba namba ya injini, si jina la gari peke yake.

Tatu, bolti zimekazwaje? Matundu yake yasafishwe yasiwe na maji wala oili, kwani vikibanwa humo vinaweza kupasua bloku. Bolti hukazwa kwa toki renchi, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu. Zile zinazovutika zikikazwa hazirudiwi, hununuliwa mpya.

Nne, nini kiliichemsha? Gasketi huwa ni majeruhi tu. Chanzo chaweza kuwa rejeta iliyoziba, pampu ya maji, themostati, mkanda wa feni au mfuniko wa rejeta uliolegea. Dar es Salaam maji huchemka kwenye nyuzi 100. Kigali, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,500, huchemka karibu na 95. Mfuniko unaobana vizuri ndio unaoyazuia yasichemke mapema.

Baada ya kufunga, oili na filta vibadilishwe, na hewa itolewe kwenye njia za maji.

Kazi hiyo haiishi kwa saa moja. Ukimharakisha fundi kwa sababu mzigo unaharibika, utaokoa jioni moja na kupoteza safari nzima. Ni afadhali kuhamishia mzigo kwenye gari jingine, kisha lililoharibika litengenezwe taratibu. Likirudi Dar es Salaam, mlima Sekenke unalisubiri.