Ukienda kuvua ziwani, rudi na samaki na uzima

Ndugu mfanyakazi, desturi ya shimoni unaijua. Huingii pasipo kaske, pasipo taa, pasipo kumwambia shefu wa ekipi unaenda sehemu gani. Lakini zikifika siku za konji, wengi wetu tunafungia akili ya usalama ndani ya sanduku pamoja na kaske. Tunashuka ziwani na ndobo mkononi na bidoni ya kasiksi begani, na tunapanda mtumbwi wa mtu tusiyemjua.

Ziwa lina sheria zake, sawasawa na shimo. Kila sheria ina sababu yake, na mtu anayejua sababu anashika sheria hata kama hakuna anayemtazama. Leo tunaeleza sababu hizo kwa wewe unayekaa Kayna au uliye na wazazi huko, na kwa bibi na watoto wanaokungoja nyumbani.

ZIWA LENYE ULINZI

Ukitoka Kayna na kupita Kanyabayonga, barabara inashuka mtelemko wa Kabasha mpaka bonde la Rwindi. Mbele yako ni Ziwa Edward. Ukubwa wake ni karibu kilometa za mraba 2,300. Sehemu kubwa ni ya Kongo, sehemu nyingine ni ya Uganda. Upande wa magharibi, chini ya milima, maji yanakuwa marefu upesi, na kuna mahali yanapita metre 100. Hapo mtu anayeanguka hapati chini pa kusimama. Upande wa mashariki maji si marefu sana.

Maji ya upande wetu yamo ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa jina la Albert na kupewa jina la Virunga mwaka 1969. Kwa hiyo huwezi kutupa wavu popote unapopenda. Vituo vya uvuvi vinavyotambuliwa ndani ya hifadhi ni vitatu: Vitshumbi upande wa kusini, Kyavinyonge upande wa kaskazini, na Nyakakoma upande wa mashariki. Wavuvi wana ushirika wao, COPEVI. Mtumbwi wenye ruhusa una namba yake. Kabla ya kupanda, tafuta namba hiyo. Mtumbwi usio na namba, ukizama au ukikamatwa, hakuna atakayejua ni nani waliokuwa ndani.

KWA NINI WAVU MDOGO UNAKATAZWA?

Wengine wanasema: «Walinzi wanatuonea tu.» Sikiliza kwanza. Samaki wa ziwa hili anayependwa kuliko wote ni tilapia. Mama tilapia haachi mayai yake ovyo majini. Anayachukua kinywani, na watoto wakizaliwa bado wanakimbilia humo wakiona hatari. Kazi hiyo anaifanya kandokando, mahali pa maji mafupi penye majani. Ukimvua hapo mama mmoja, umeua na kizazi chake chote. Ndiyo maana mahali pa kuzalia panafungwa, na ndiyo maana wavu wenye matundu chini ya inchi 4.5 unakatazwa. Tundu kubwa linamwacha mdogo apite, akue, azae kwanza.

Ubaya mkubwa zaidi ni chandarua cha mbu kinachofanywa wavu wa kuvulia. Kinazoa kila kitu, hata vitoto vidogo kama punje ya mchele. Na nyumbani, mtoto aliyenyang'anywa chandarua analala na mbu, na malaria inamkuta. Baba wa namna hiyo anapoteza mara mbili: samaki wa kesho na afya ya mtoto wa leo.

Usifikiri sheria kama hizi ni za Kongo tu. Huko Uingereza watu wengi wanavua kwa ndobo kama mchezo wa siku ya mapumziko. Wanalipa ili kuvua kwenye maziwa madogo yanayotunzwa na mwenyewe, wanampima samaki, kisha wanamrudisha majini akiwa mzima. Na mito yao mingi inafungwa kwa wavuvi hao tangu tarehe 15 Machi mpaka 15 Juni, samaki wapate kuzaa. Sisi tunavua ili tule, na hiyo ni haki yetu. Lakini anayekula akiba yote leo, kesho atapika sufuria tupu.

KIBOKO: RAFIKI WA SAMAKI, ADUI WA MTUMBWI

Usiku kiboko anakula majani nchi kavu, mchana anarudi majini na kuacha humo mavi yake. Mavi hayo yanalisha mimea midogo ya majini, na tilapia anakula mimea hiyo. Katika miaka ya 1970 hifadhi ilikuwa na viboko karibu 29,000. Vita na ujangili viliwaua, hata mwaka 2005 walikuwa wamebaki chini ya 1,000. Watu wa ziwa wanaozikumbuka siku za zamani wanasema kwamba samaki nao walipungua.

Lakini rafiki huyu wa samaki si rafiki wa mtumbwi. Anaupindua kwa mgongo wake, na meno yake yanakata mtu. Ukiona vichwa vinatoka majini, zunguka mbali, usipite katikati yao. Jioni na alfajiri usisimame kwenye njia yake kati ya majani na maji, maana akishtuka anakimbilia majini, na aliye njiani anakanyagwa. Mamba pia wamo: usioge ziwani na usimwache mtoto achezee ukingoni.

MKONO WAKO NI CHOMBO CHAKO CHA KAZI

Ndobo inavua kambare, bagrusi mwenye sharubu ndefu, na kamongo, yule mrefu kama nyoka anayepanda juu kuvuta hewa. Kila mmoja ana silaha yake. Kambare ana mwiba mgumu kila upande, nyuma ya kichwa. Kamongo ana meno yenye nguvu, na anauma hata baada ya kutolewa majini. Tilapia ana miiba mgongoni. Usiwashike kwa haraka. Tumia kitambaa kinene, na mpige samaki kichwani kabla ya kutoa ndobo.

Ndobo ikiingia kidoleni, usiivute kwa nguvu, kwa sababu ina jino la nyuma linalorarua nyama. Kata kamba, osha kidonda kwa maji safi na sabuni, kifunge kwa kitambaa safi, uende dispanseri. Mwambie mganga ni lini ulichanjwa pepopunda mara ya mwisho. Kidonda kidogo cha mwiba kinaweza kuleta pepopunda, na pepopunda inaua. Hata pasipo kufa, mwenye kidole kilichooza hatarudi kushika nyundo siku konji inapokwisha.

MAJI YANAYOLETA UGONJWA

Kolera imepiga mara nyingi vijiji vya ukingoni. Maji ya ziwa yanaonekana safi, lakini palepale watu wanaoga, wanafua, na wengine wanajisaidia. Chukua maji yako ya kunywa toka nyumbani, yaliyochemshwa. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula. Samaki apikwe mpaka aive kabisa.

Mtu akianza kuhara maji kama ya mchele, usingoje asubuhi. Mpeleke upesi kwa mganga, na njiani umnyweshe: litri moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Ampe kidogo kidogo, hata kama anatapika.

Bilharzia inaingia kwa njia nyingine. Konokono wadogo wa kwenye majani ya ukingoni wanatoa vijidudu visivyoonekana, navyo vinapita katika ngozi ya mtu aliyesimama majini. Vaa buti, usikae na miguu majini ukingoja samaki. Ukiona damu katika choo, au tumbo linauma siku nyingi, nenda ukapimwe. Dawa ipo.

UPEPO, MPAKA NA VITA

Mawingu meusi yakikusanyika juu ya milima, rudi nchi kavu mara moja, hata kama samaki wanakula sana. Mawimbi yanainuka upesi kuliko unavyopiga kasia, na radi inatafuta mtu aliye peke yake juu ya maji.

Mpaka wa Uganda hauna ukuta majini. Wavuvi wengi wa Kongo wamekamatwa na askari wa ng'ambo na kupoteza nyavu na mashine. Mwaka 2018 nchi mbili zilitia sahihi mapatano ya kutunza uvuvi wa Ziwa Edward na Ziwa Albert, lakini karatasi haimlindi mtu aliyepotea usiku. Usiende mahali ambapo mwenye mtumbwi mwenyewe hana hakika napo.

Na kabla ya yote, uliza habari za njia. Mwisho wa Juni 2024 vita vilifika Kanyabayonga na Kirumba, na watu wengi wa sehemu hizo walikimbia. Njia iliyokuwa salama juma lililopita inaweza kuwa mbaya leo. Kama wenyeji wanakwambia baki, baki. Samaki anaweza kununuliwa sokoni, uzima hauuzwi.

NA WEWE MAMA WA NYUMBA

Samaki anajenga mwili wa mtoto. Mtoto anayekula mihogo na ndizi tu anavimba miguu, nywele zinageuka rangi: hiyo ni kwashiorkor. Samaki mmoja mdogo, aliyesagwa vizuri na kutolewa miiba, ni kinga nzuri kwake. Sokoni tazama: jicho liwe angavu, mashavu ya ndani yawe mekundu, nyama ukiibonyeza irudi. Aliyekauka pia ni mzuri, mradi hakupigwa dawa ya kuua wadudu.

Kama mna kisima cha kufugia tilapia bondeni, kizungushieni ua. Mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji yasiyofika magotini.

KUMBUKA MAMBO HAYA SABA

1. Mwambie mtu wa nyumbani unaenda wapi, na nani, na utarudi saa ngapi.
2. Panda mtumbwi wenye namba tu, usiojaa watu kupita kiasi.
3. Vaa jile la kuokoa. Kama halipo, funga bidoni tupu yenye kifuniko karibu nawe: inaelea.
4. Hakuna pombe kabla ya kuvua wala ndani ya mtumbwi.
5. Acha mahali pa kuzalia samaki. Chandarua kibaki kitandani.
6. Kaa mbali na kiboko.
7. Beba maji ya kunywa, sabuni na kitambaa safi.

Ndugu, shimoni shefu wa ekipi anahesabu watu wanapoingia na wanapotoka. Ziwani hakuna anayekuhesabu isipokuwa bibi na watoto wako. Fanya hesabu yao itimie.