Ijara: Ni Lini Mwenye Nyumba Ana Haki ya Kumtoa Mpangaji?

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Mara nyingi mwenye nyumba husema: "Nyumba ni yangu, nitamtoa nikitaka." Kifiqhi kauli hii si sahihi. Ijara ni kuuza manfaa kwa malipo na muda maalumu. Kuta ni zako, lakini haki ya kukaa ndani umekwisha kuiuza. Kwa jumhuri ya wanazuoni mkataba huu ni wa lazima. Upande mmoja hauuvunji bila ya sababu ya kisheria. Katika madhehebu ya Imam Shafi, hata nyumba ikiuzwa, mnunuzi husubiri muda wa mpangaji uishe. Mwenye nyumba akifa, warithi hufungwa na mkataba, ingawa kwa Mahanafi ijara huvunjika kwa kifo.

Basi mpangaji hutoka lini?

Kwanza, muda ukimalizika. Akikaa kwa nguvu baada ya hapo, huo ni unyang'anyi (ghasbu), naye hudaiwa ujira wa mithili, yaani kodi ya nyumba kama ile.

Pili, akifilisika asiweze kulipa. Hapo Mashafi wamempa mwenye nyumba haki ya kuuvunja mkataba kwa muda uliobaki. Ama kodi iliyokwisha limbikizwa ni deni, na Suratul-Baqara, aya ya 280, imeamrisha mwenye dhiki apewe muhula.

Tatu, wote wawili wakiridhiana kuuvunja.

Lakini haki ya kuvunja mkataba si ruhusa ya kung'oa mlango wala kutupa vyombo nje. Mgogoro hupelekwa kwa hakimu. Nchini Kenya, Sheria ya Ardhi ya 2012 imeweka kuwa upangaji usiotajiwa muda wala notisi huvunjwa kwa notisi isiyopungua kipindi cha kodi. Anayelipa kwa mwezi, basi ni mwezi.

Maimamu wazingatie: kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 kimeiwekea Mahakama ya Kadhi mipaka ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Kesi ya kodi haimo. Imamu asuluhishe, asitoe amri ya kumtoa mtu.

Mali yako ni halali yako, lakini kuidai kwa dhulma ni haramu.

Wallahu a'lam.