Kijidudu cha maji moto, kipimo cha DNA na deni la Bogoria

Ukitaja DNA mtaani, kila mtu anafikiria mambo ya ‘mtoto ni wa nani’. Wachache wanajua kwamba kipimo hicho, pamoja na kile cha corona cha kijiti puani kilichotutoa machozi 2020, vyote vina deni kwa kijidudu kilichopatikana kwenye maji moto ya chemchemi. Na wachache zaidi wanajua kwamba hata hapa Kenya tuna maji kama hayo, kwamba kuna watu walishakuja kuyachota, na kwamba kilichotoka humo kiligeuka mkwanja ng’ambo.

Mimi nilichomoka chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo usitarajie lugha ya profesa. Tutaelewana tu.

Shida ya kwanza ya maabara ni hii: DNA inayopatikana kwenye tone la damu, unywele au mate huwa kidogo mno. Ni kama kuambiwa umsome msee mmoja midomo akiwa upande ule mwingine wa Kasarani, uwanja ukiwa umejaa. Dawa yake ni kutoa nakala nyingi za kile kipande unachokitaka mpaka kionekane. Njia hiyo inaitwa PCR.

Fikiria umbea wa ploti. Saa ya kwanza anaujua mtu mmoja. Kila saa, kila anayeujua anamwambia mmoja asiyeujua. Wanakuwa wawili, wanne, wanane. Baada ya mizunguko 10 wanaoujua ni 1,024. Baada ya mizunguko 20 wamepita milioni moja. Ikifika mizunguko 30 wamepita bilioni moja. PCR inafanya hivyo hivyo kwa DNA, na mashine inaimaliza mizunguko hiyo kwa saa chache tu.

Ndani ya mashine hamna uchawi, ni kupandisha na kushusha joto. Kwanza joto linapanda hadi nyuzi 95 hivi za Selsiasi. DNA imekaa kama zipu iliyofungwa, na joto hilo linaifungua. Pili, joto linashuka hadi kati ya nyuzi 50 na 65, na vipande vifupi vya DNA vinavyoitwa praima vinajibandika pale panapotafutwa. Tatu, joto linapanda tena hadi nyuzi 72, na kimeng’enya kinachoitwa polimerasi kinajenga ule upande wa zipu uliokosekana. Zipu moja imekuwa mbili. Unarudia.

Mwenye mamlaka hapo ni praima. Ukiweka praima za kifua kikuu, utapata kifua kikuu kama kipo, na kama hakipo hutapata kitu. Kirusi cha corona kina RNA badala ya DNA, kwa hivyo maabara huigeuza RNA hiyo kuwa DNA kwanza, halafu safari inaendelea kama kawaida.

Wazo hili lilimjia Kary Mullis, mkemia wa kampuni ya Cetus kule California, Ijumaa moja usiku mwaka 1983 akiwa anaendesha gari. Lakini lilipofika maabarani, likakwama. Polimerasi waliyokuwa nayo ilitoka kwa bakteria ya kawaida, na kila joto lilipogonga nyuzi 95 ilikuwa inaharibika, kama vile yai linavyoiva likawa haliwezi kurudi ute. Kwa hivyo kila mzunguko, mtu alilazimika kufungua kichupa na kuongeza polimerasi mpya. Mizunguko 30, mara 30. Kazi ya kuchosha na ya gharama.

Jibu lilikuwa limekaa kwenye hifadhi ya bakteria kwa miaka mingi bila kelele. Mwaka 1966 mwanasayansi Thomas Brock na mwanafunzi wake Hudson Freeze, ambaye hata digrii ya kwanza alikuwa hajamaliza, walichota sampuli kutoka chemchemi ya maji moto katika mbuga ya Yellowstone, Marekani. Humo walipata bakteria inayostawi kwenye nyuzi 70 hivi, wakaiita Thermus aquaticus. Ndio, kijana ambaye jina lake kwa Kiingereza maana yake ni kuganda ndiye aliyesaidia kugundua mdudu wa maji moto.

Mdudu anayeishi kwenye joto lazima awe na vifaa vinavyostahimili joto. Polimerasi yake, ambayo watu wa maabara huiita Taq, inavumilia zile nyuzi 95 bila kuvunjika haraka. Cetus walipoiingiza kwenye PCR, mambo yakabadilika. Unaweka kila kitu mara moja, unafunga kichupa, unawasha mashine na kwenda kunywa chai.

Kutoka hapo ni hela tu. Mwaka 1991 Cetus iliuza haki za PCR kwa kampuni ya Hoffmann-La Roche kwa dola milioni 300. Mullis mwenyewe alikuwa amepewa bonasi ya dola 10,000. Mwaka 1993 alipata tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na Michael Smith. Na Yellowstone, mwenye maji? Haikuambulia chochote kutokana na Taq.

Kabla hujasema hizo ni hadithi za wazungu, angalia kazi inayofanywa na PCR hapa nyumbani. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye virusi vya Ukimwi hawezi kupimwa kwa kile kipimo cha kawaida, kwa sababu kingamwili za mama zinaweza kubaki mwilini mwake hadi miezi 18. Kwa hivyo anachomwa kisiginoni, tone la damu linakaushwa kwenye karatasi, na PCR inatafuta kirusi chenyewe. Mtoto anaanza dawa mapema, anaishi. Cha kushangaza ni kwamba Mullis alikuwa akikana kwamba HIV ndiyo inayoleta Ukimwi. Nobel haimzuii mtu kukosea.

Halafu kuna Shakahola. Mamia ya miili ilifukuliwa katika msitu huo wa Kilifi kuanzia 2023, mingi ikiwa haitambuliki kwa macho. Familia zilitoa sampuli, zikalinganishwa na za miili, na Machi 2024 miili ya kwanza ikaanza kukabidhiwa jamaa. Kwa familia iliyokuwa ikisubiri muda wote huo, kichupa kile ndicho kilichorudisha jina.

Sasa twende Baringo. Ziwa Bogoria lina maji ya magadi makali, na kandoni mwake kuna chemchemi zinazofoka maji ya kuchemsha yai. Kwa mtalii ni mahali pa selfie. Kwa mtu wa maabara ni stoo ya vimeng’enya ambavyo havipatikani kwingine.

Mwaka 1992 watafiti kutoka Uingereza walikusanya sampuli kwenye maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa. Kampuni ya Genencor ikatengeneza vimeng’enya vya kutumika kwenye sabuni na kwenye kupausha jinzi. Badala ya kusugua kitambaa kwa mawe, kimeng’enya kinatafuna nyuzi za pamba za juu na rangi ya buluu inaachia. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilijitokeza kudai mgao. Miaka mitatu baadaye, KWS iliingia mkataba na kampuni nyingine, Novozymes ya Denmark, ambao ulikuwa na malipo na mafunzo kwa Wakenya. Hata Yellowstone ilikuwa imeamka: mwaka 1997 ilisaini mkataba wa kugawana faida na kampuni ya Diversa.

Kuna wengine wasiotajwa sana. Waendorois waliondolewa kando ya Bogoria miaka ya sabini ili pawe hifadhi ya wanyama. Mwaka 2010 uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ulitangazwa, nao ulisema haki zao zilikiukwa. Ukiuliza mgao wa maji hayo unafaa kufika kwa nani, jina lao haliwezi kurukwa.

Sheria zipo. Tangu 2006 tuna kanuni zinazomtaka anayetaka rasilimali za jeni aombe kibali na akubaliane na wenyeji kuhusu faida. Kifungu cha 69 cha Katiba kinaitaka serikali ilinde rasilimali hizo. Lakini sheria haivai glavu. Haiwezi kujua ni nini kimo kwenye chupa inayopita uwanja wa ndege. Anayejua ni mtu wa maabara, na tukikosa watu hao tutabaki kuuziwa kwa bei ghali kilichotoka kwetu.

Ndiyo maana hii mada si ya madaktari peke yao. Kama uko Form Four na baiolojia inakukubali, kozi za maabara zipo KMTC na vyuo vikuu, na KEMRI imekuwa ikifanya utafiti tangu 1979. Kama sayansi si yako, kuna kazi ya wakili wa mikataba hii, na ya mwanahabari wa kuuliza hela zilienda wapi. Hudson Freeze alikuwa mwanafunzi tu alipoinama kuchota yale maji. Ya Bogoria bado yanafoka, na swali lililobaki ni nani atakayeinama safari hii, na kibali kitasainiwa kwa jina la nani.