Mzimu Haushiki Panga: Jinsi ya Kusoma Hadithi za Mauaji za Shamba

Leo tuweke pembeni mpira na bongo fleva, tuongelee vitabu. Najua kuna walioanza kupiga miayo, ila subirini kidogo, humu kuna maiti.

Hadithi ya mauaji ikiwa ya mjini, muuaji anaweza kuwa yeyote. Ikiwa ya shamba, watu ni wachache na wote wanajuana. Maana yake aliyeua yupo pale pale msibani, anakula ubwabwa na wenzake. Hiyo ndiyo raha yake.

Chukua Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Kilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957-58, kikachapishwa 1960. Bwana Ali anakutwa ameuawa penye mzimu, mahali ambapo watu wanapaogopa. Anaingia Bwana Msa na kiko chake mdomoni, rafiki yake Najum pembeni, anaanza kuuliza maswali.

Sasa linganisha na The Hound of the Baskervilles cha Arthur Conan Doyle, kilichotoka kwa mfululizo kwenye jarida la The Strand mwaka 1901 hadi 1902. Pale ni Dartmoor, Uingereza: ukungu, matope yanayomeza farasi, na vibanda vya mawe vya watu wa kale. Sir Charles anakufa na jirani na maiti kuna nyayo za mbwa mkubwa ajabu. Watu wanasema ni laana ya ukoo.

Mmeona? Huku mzimu, kule mbwa wa kuzimu. Mchezo ni ule ule. Kwa hiyo ukisoma, fanya hivi:

1. Usiruke maelezo ya mazingira. Wengi tunakimbilia maongezi. Kumbe njia, giza na matope ndiyo yanakwambia nani aliweza kufika pale na nani hakuweza.

2. Jiulize nani anafaidika watu wakiogopa. Mahali pakiogopwa hapana shahidi, na hapo muuaji anafanya kazi yake kwa nafasi.

3. Shika kitu kidogo kisichoeleweka. Kwenye kitabu cha Doyle, Sir Henry anaibiwa kiatu kipya hotelini London. Halafu kinaibiwa cha zamani, na kile kipya kinarudishwa! Kwa nini mwizi akatae kipya? Ukijibu hilo umekaribia sana. Mimi simalizi utamu.

Kuna atakayesema hizi ni porojo za kupoteza muda. Haya, tutoke kwenye vitabu basi. Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa kuwa macho yao mekundu, eti wachawi, wakati moshi wa kuni wa miaka yote unatosha kuyafanya macho mekundu. Kuanzia 2007 ndugu zetu wenye ualbino nao wakaanza kuwindwa, viungo vyao vinauzwa eti vinaleta utajiri. Mwaka 2015 serikali ikatangaza kupiga marufuku waganga wapiga ramli. Ukichunguza mara nyingine nyuma ya neno "mchawi" kuna ugomvi wa shamba au urithi.

Pale kijiji kizima kikisema "ni mambo ya kishirikina", hakuna anayeuliza bibi yule aliacha ekari ngapi, na nani anazilima sasa. Bwana Msa angeuliza hilo kwanza.

Ndiyo maana nasema hivi vitabu ni shule. Vinakuzoesha kuogopa pamoja na wanakijiji, halafu asubuhi unarudi palepale na kuangalia nyayo. Mzimu haushiki panga jamani. Panga lina mpini, na mpini unashikwa na mkono wa mtu.

Ukimaliza huo Mzimu, endelea na Kisima cha Giningi (1968). Bwana Msa ni yule yule. Tafuta maktaba ya mkoa au kwa wauza vitabu vya mtumba, ukikosa azima kwa mwalimu wa Kiswahili.

Na wewe mdau, kwenu kuna mahali gani watu hawapiti usiku? Na nani alianza kusema pasipitwe? Nawasilisha.