Mguu Usiouma Ndio wa Kuchungwa

Mwaka 2005 jarida la kitabibu la Uingereza, The Lancet, lilitangaza kwamba kila nusu dakika mguu mmoja hupotea mahali fulani duniani kwa sababu ya kisukari. Kwa mwananchi anayeishi kwa jembe, nyavu au mkokoteni, mguu ndio riziki ya nyumba nzima.

Chanzo cha balaa hilo ni ganzi. Sukari inapozidi katika damu kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, na mara nyingi huziba mishipa ya damu pia. Mgonjwa huweza kukanyaga msumari au kuungua asihisi lolote. Nchini Tanzania madaktari wamewatibu wagonjwa walioumwa na panya miguuni usingizini bila ya kuamka. Pasipo maumivu hapana haraka. Jeraha huoza, na hospitali hufikiwa wakati msumeno ndio dawa iliyosalia.

Ndiyo maana wataalamu wa Tanzania na India, mataifa yanayotazamana ng'ambo ya bahari moja, walianzisha mnamo mwaka 2004 mpango wa kuwafundisha madaktari na wauguzi wa mikoani kuokoa miguu. Walithibitisha kwamba kazi hiyo haingoji mitambo ya fahari. Uzi wa nailoni unaoguswa unyayoni hutosha kufichua ganzi.

Lakini mlinzi wa kwanza ni mgonjwa mwenyewe. Hana budi kuidhibiti sukari yake, na kuikagua miguu kila siku, nyayo na katikati ya vidole; asiyeona vizuri asaidiwe na jamaa. Aioshe na kuikausha, asitembee pekupeku, akung'ute viatu kabla ya kuvivaa, wala asikate sugu kwa wembe. Angalau mara moja kwa mwaka miguu ipimwe kliniki.

Kidonda kikitokea, hata kidogo, kisifungiwe majani nyumbani kwa kungojea kipone. Zahanati au hospitali itakisafisha, itaondoa nyama iliyokufa, itatoa dawa ikiwa vijidudu vimeingia, na kuamuru mguu usikanyagiwe mpaka upone.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kwa mwenye kisukari, ufa huo huanzia kisiginoni, kimya kimya. Anayesubiri maumivu yamwamshe atasubiri kitu kisichokuja.