Tahadhari Juu ya Kuogelea Katika Mashimo ya Machimbo

Wananchi wa Unguja na Pemba wanakumbushwa kuwa maji ya mvua yanayotuama katika mashimo ya zamani ya mawe na mchanga si salama kwa kuogelea, hata yakionekana maangavu. Kingo huwa wima na kina hubadilika ghafla. Anayetumbukia hukosa pa kushika. Aidha, mtu mwenye kichocho akikojoa majini, mayai huanguliwa na, pale penye konokono wanaohusika, vijidudu hukua ndani yao, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mwogeleaji. Mwenye kukojoa damu afike kituo cha afya apatiwe matibabu. Dawa yake ni prazikwanteli. Masheha na wazazi wanaombwa kuwazuia watoto, na wachimbaji wayafukie mashimo wamalizapo kazi.